Begi Njiani

Mlima Kenya hauonekani kutoka Kimbo kila siku, na hilo ni jambo la kushukuru. Miezi mingi unajifunika mawingu, nami naanika nguo juu ya paa la ploti yetu bila kero. Lakini kuna asubuhi, hasa mvua ikishaosha vumbi la barabara ya Thika, unajitokeza wote mzima, vilele vimechongoka na theluji kidogo iliyobakia inang'aa, mpaka unadhani uko hapo tu nyuma ya Juja. Asubuhi kama hizo mama huingia ndani na kufunga pazia. Kaka yangu Mwas alifia kule juu, chini kidogo ya kilele cha Lenana, na mama hakumlilia vile mama humlilia mtoto. Alimwonea aibu. Aliyemfundisha kumwonea aibu anaitwa Muigai, na hii ni habari ya jinsi nilivyomlipa.

Mwas alikuwa fundi wa simu pale Ruiru. Mchana kutwa aliinamia vioo vilivyopasuka, na Jumamosi ikifika anapanda milima. Tulimcheka sana. Mtu mzima anaamka kwenda kuchoka bure! Yeye alitucheka pia. Alikuwa akiniambia Mlima Kenya ni nchi nyingi zilizopandana. Chini kuna msitu wa miti ambayo watu watatu hawawezi kuikumbatia. Ukipita hapo unaingia kwenye mianzi, na ukitoka kwenye mianzi kuna nyika ya baridi yenye nyasi za mashungi na matope yanayomeza kiatu. Juu ya nyika ndipo ilipo mimea aliyoipenda, mikubwa kuliko mtu. Kuna mmoja unaofunga majani yake jua likitua ili ufunike kichipukizi chake kisigandishwe na barafu, maana kule mchana jua linakubabua na usiku maji yanakuwa jiwe. Kuna mwingine usiokubali kuangusha majani yake makavu. Unayavaa shinani kama koti, mwaka hadi mwaka. Tulikuwa na picha ya Mwas amesimama kando ya mmea huo, ameukumbatia kama binamu yake. Mama aliitundika sebuleni, juu ya televisheni.

Baada ya mazishi, mama aliitoa. Msumari ulibaki ukutani, na kila nilipouona damu ilinichemka.

Tulimzika Murera, kwenye shamba la babu. Muigai, mkazi wa Membley, mwenye gari kubwa na mdomo mkubwa zaidi, ndiye aliyekuwa kapteni wa kundi lao la kupanda milima. Alishika maikrofoni mbele ya pasta na majirani wote, akavua miwani ya jua, akasema, "Mwas alikuwa rafiki yangu. Lakini nitasema ukweli kwa sababu tuko mbele ya Mungu. Alikuwa kichwa ngumu. Tulimwambia asiachane na kundi. Akaachana na kundi." Watu wakaguna kwa huzuni. Nilimtazama mama. Hakulia. Aliinamisha kichwa kama mzazi aliyeitwa shuleni kwa makosa ya mtoto. Tangu siku ile, mtu akimpa pole, hujibu, "Ni ukaidi wake." Mwanamke aliyemzaa, anamwombea Mwas msamaha kwa watu!

Ukweli nilikuja kuupata kwa Kaveke. Kaveke ni msichana aliyezaliwa upande wa mashariki wa Thika, chini ya Kilimambogo, na anafanya kazi kiwandani pale Thika. Katika kundi alikuwa mfagiaji, yaani yule anayetembea wa mwisho kuhakikisha hakuna aliyebaki. Alinijia nyumbani siku moja ya Jumapili, akakataa chai, akakataa hata kukaa.

"Tabby, hii kitu imenikaa kwa roho," alisema. "Unajua ile sheria ya begi?"

Sikuijua. Akanieleza. Kwenye kundi lao, mtu akitoka njiani kwa sababu yoyote, awe anaenda haja, awe anatapika, awe amechoka, anaacha begi lake katikati ya njia. Mfagiaji akikuta begi, anasimama. Hasogei mpaka mwenye begi atokee. Njia ikiwa haina begi, anajua hakuna mtu, na anapaza sauti, "Nyuma ni safi!" Ni sheria ndogo tu, na watu wengi wako hai kwa sababu yake.

Alfajiri ile chini ya Lenana, Mwas alianza kuumwa na kichwa na kukohoa. Hewa ya kule ni nyembamba, na kuna watu mapafu yao hujaa maji bila kujali una nguvu kiasi gani. Dawa ni moja tu, kumshusha mtu mara hiyo. Muigai alikuwa amekataa kuchukua waelekezi wa mlima kwa kujidai anaujua, na alitaka kufika kileleni jua likichomoza, kwa sababu ya picha. Akamwambia Mwas akae nyuma ya jabali, pasipo na upepo. "Kaa hapo, tutakupitia tukishuka." Halafu akamwamuru Kaveke abebe begi la Mwas ili kumpunguzia mzigo. Ndani ya begi kulikuwa na koti zito na chupa ya chai. Kule kileleni Muigai aliona upande wa pili, wa Chogoria, ziwa na korongo vimemulikwa na jua, akasema wanashukia huko, picha zitakuwa moto. Kaveke aliuliza, "Na Mwas?" Muigai akamjibu, "Mwas ni mwanaume. Atarudi kambini mwenyewe, gari itamzungukia." Kisha akamlazimisha apaze sauti. Nyuma ni safi.

Begi la Mwas lilifika Chogoria likiwa zima. Mwenyewe alikutwa kesho yake, ameketi palepale.

"Kwa nini hukusema siku ya mazishi?" nilimuuliza Kaveke.

"Muigai alikuwa na maikrofoni," alisema. "Mimi ningekuwa na nini? Ni mimi nilibeba begi."

Nilimchukia kwa muda wa kufunga na kufungua mlango. Halafu nikamkalisha kwa nguvu na kumwekea chai. Nilimweleza mama yote jioni hiyohiyo. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tabby, unampenda sana ndugu yako. Wacha kutafuta watu wa kulaumu." Hapo nilijua kwamba haitoshi kusema mimi, wala Kaveke. Maneno yaliyotoka kwenye mdomo wa Muigai yangerudishwa na mdomo wa Muigai, tena masikioni mwa mama. Sikutaka kitu kingine duniani.

Nikajiunga na kundi. Muigai alinipokea kwa mikono miwili, akaniita "dada yetu". Nilipanda naye vilima vya Ngong, nikapanda naye Longonot, nikacheka vichekesho vyake mpaka taya likaniuma. Nilikuwa namsoma. Niligundua kwamba anaogopa wanyama kuliko kitu chochote, na kwamba kila tunaposafiri lazima asimame Thika ale mutura, soseji ya utumbo inayochomwa barabarani, halafu tumbo limwadhibu kesho yake. Mwaka ukaisha. Ndipo yeye mwenyewe akaniletea mkononi kile nilichokuwa nikikitafuta.

"Tufanye hike ya kumkumbuka Mwas," alisema. "Kilimambogo. Iko karibu, na barabara inafika mpaka juu, hata mathe wako anaweza kupanda na gari. Tutapanda mti wa kumbukumbu, pasta aombe. Nimeshaprint tishati."

Fulana zilikuwa na jina la kaka yangu mgongoni, na chini yake jina la kampuni ya utalii ambayo Muigai alikuwa anaianzisha. Nilisema, "Asante, Kapteni. Mungu akubariki." Ulimi wangu haukukatika.

Kilimambogo si mlima wa kutisha ukiuangalia kutoka Thika. Umekaa peke yake upande ule wa mananasi, mnene, kichwa chake kikiwa ndani ya wingu, na mto Athi umeuzunguka miguuni. Chini ni pakavu, miiba na vumbi jekundu. Lakini ukianza kupanda, msitu unafunga. Miti inashikana juu ya barabara, kuvu linaning'inia kwenye matawi kama ndevu, na mwezi wa Julai ukungu unashuka mpaka humwoni mtu aliye mbele yako. Na jina la mlima si la bure. Mbogo wapo kweli, wamejaa vichakani, na huruhusiwi kutembea bila askari wa wanyamapori mwenye bunduki.

Mama alipanda kwa gari la Kang'ethe, jirani yetu mwenye gari dogo la abiria, pamoja na pasta na akina mama wawili wa kanisa. Walitutangulia. Sisi wa miguu tulifuata na askari wetu, Muigai mbele na bendera, Kaveke nyuma, nami nikitembea na Kaveke. Tulipolipita kaburi la Mzungu mmoja lililo katikati ya mlima, Muigai alikuwa ameacha kuimba. Baadaye kidogo akampa mtu bendera. Kona tatu mbele, akasimama kando, uso umemtoka jasho katika baridi ile.

"Endeni tu, nitawapata," alisema. "Mutura ya jana imeniamulia."

Akaweka begi lake katikati ya njia, kama sheria ilivyo, akaingia kichakani huku ameshika karatasi. Kundi likaendelea, likamezwa na ukungu. Tulibaki mimi, Kaveke na begi. Palikuwa na kinyesi cha mbogo hapo barabarani, bado kinatoa mvuke.

Kaveke alinitazama. Hatukuwa tumepanga mahali, tulikuwa tumepanga kitu. Niliinama, nikachukua begi, nikalivaa. Lilikuwa zito, koti likiwa ndani. Tukatembea upesi mpaka tukawafikia wenzetu. Askari alipogeuka na kuuliza kama kuna aliyebaki, Kaveke alivuta pumzi, akapaza sauti.

"Nyuma ni safi!"

Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti haikutetemeka.

Kule kileleni ni uwanja wa nyasi uliozungukwa na msitu, na minara mikubwa ya mawasiliano imesimama ikivuma kwa upepo. Siku ikiwa safi unaona Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine. Siku hiyo hatukuona hata ncha za minara. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amejifunga leso na shuka, akitazama mmea uliosimama pembeni ya uwanja, mrefu, shina tupu na majani yamejikusanya juu.

"Huu ni kama ule wa picha," alisema.

"Ni wa ukoo huo, Mama. Unapenda mahali pa juu."

"Mwas alikuwa na maneno mengi kuhusu majani," akasema. Alikuwa amelitaja jina lake. Hakuwa amelitamka mwaka mzima.

Ndipo simu yangu ikalia. Kule Lenana hakukuwa na mtandao siku ile. Hapa tulisimama chini ya minara. Nilisogea karibu na kiti cha mama, nikaweka simu kwenye spika, nikaiinua. Pasta alikuwa anafungua Biblia. Nilimwonyesha kwa mkono asubiri.

"Tabby, mko wapi? Nimetoka sioni mtu. Begi yangu iko wapi?"

"Tuko juu, Kapteni. Begi tunayo. Tulikupunguzia mzigo."

"Aaah, basi tuma ranger anichukue. Kuna baridi, na hii ukungu sioni kitu."

"Kaa hapo," nikasema. "Tutakupitia tukishuka."

Upepo ukavuma kwenye minara. Wanakundi walikuwa wameacha kupiga picha na kugeuka.

"Tabby," alisema taratibu, "mtashukia njia gani?"

Ngoja niseme vizuri ili isikike. Kilimambogo una barabara moja ya kupanda, na hiyohiyo ndiyo ya kushuka. Muigai aliijua kuliko sisi sote.

"Mbona unauliza?" nikasema. "Kuna njia ngapi?"

"Tabby, please. Usinifanyie hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Hivyo tu. Manze, kuna kitu inapumua hapa kwa hii kichaka. Tuma ranger!"

"Nimfanyie nani hivyo? Sema, Kapteni. Nani alifanyiwa?"

"Mwas!" Alipiga ukelele uliopasuka katikati. "Nilimwambia akae, nikamwambia tutampitia, halafu tukashukia Chogoria. Na begi yake nikasema ibebwe. Haya, nimesema! Unataka nini ingine? Ngai, tumeni mtu!"

Nilikuwa nimengoja maneno hayo kwa muda mrefu hivi kwamba nilidhani yangenishibisha. Yalinishibisha. Sitasema uongo hapa. Nilisikia utamu kwenye meno.

Askari alinijia amekasirika, akanifokea kwamba mlima si mahali pa mchezo, kwamba anamrudia yule mtu sasa hivi, na alikuwa na haki kabisa. Lakini mama aliinua mkono, naye akanyamaza, kama watu wanavyomnyamazia mama mzee.

"Aliambiwa akae," mama alisema, hakuwa anamwambia mtu yeyote. "Na akakaa. Alifanya vile aliambiwa." Akageuka kwa Kaveke. "Na hiyo ya begi ni nini, mami?"

Kaveke alipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, akamweleza sheria ya begi, polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. Mama aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Mwishoni alimshika Kaveke kidevu, akamwinua.

"Kang'ethe, washa gari," alisema. "Tunashuka. Nyinyi wa miguu mtatufuata na askari. Tabby, leta hilo begi."

Nilikaa nyuma ya dereva na begi mapajani, mama akiwa kando yangu. Pasta na wale akina mama waliingia bila hata kuuliza kuhusu mti. Tulimkuta Muigai amebana mgongo kwenye ukingo wa barabara, fulana imemganda mwilini, jina la kaka yangu likiwa limepakaa matope. Alipoona taa alikimbia kuelekea gari mikono juu. Nilitamani Kang'ethe akanyage mafuta. Mama alisema, "Simama. Mfungulie."

Muigai aliingia, akakaa kiti cha kutukabili. Hakuniangalia. Alimwangalia mama, akaanza kwa kumwita mama kwa Kikuyu, "Maitu, mimi..."

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kuulizia bei ya viazi. "Ulipomwambia mtampitia, alikujibu nini?"

Gari lilikuwa linashuka polepole kwenye kona. Muigai alitazama mikono yake.

"Nimekuuliza."

"Alisema poa."

"Akasema nini tena?"

Muigai alilia. Sikumwonea huruma hata kidogo, na nilishangaa kuona uso wangu mimi umelowa.

"Alisema... alisema, 'Wacheni begi basi, ndio mjue niko hapa.'"

Mama alifumba macho. Nilimsikia akivuta hewa kupitia puani, ndefu, na kuitoa. Kisha akagonga kiti cha Kang'ethe.

"Simama."

Gari likasimama. Bado tulikuwa msituni, ukungu umetuzunguka.

"Shuka," akamwambia Muigai.

"Maitu, kuna nyati..."

"Shuka."

Alishuka. Mama alinyoosha mikono nikampa begi. Nilidhani atamtupia. Alishuka yeye mwenyewe, mguu mmoja baada ya mwingine, akimshika Kang'ethe bega, akatembea mpaka katikati ya barabara, akaliweka begi pale, wima. Akalitazama kama limekaa sawa. Likainama kidogo, akalinyoosha.

"Kaa hapo," alisema. "Wenzako wako nyuma na yule msichana, Kaveke. Ndio wajue kuna mtu."

Alirudi ndani, akafunga mlango mwenyewe. Muigai alibaki amesimama kando ya begi lake, hakuligusa. Tulipopinda kona, ukungu ulimchukua.

Tulitoka msituni, tukalivuka lango, tukafika kwenye mananasi ambako jua lilikuwa linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo mama alifungua leso, akajipangusa uso, akaniuliza bila kugeuka.

"Ule msumari bado uko ukutani?"

"Uko, Mama."

"Basi Kang'ethe, usisimame Thika," alisema. "Nina picha ya kutundika."